NENO LISILOFIKA HALIJASEMWA

Katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa mjini Gitega, ambacho hatuna haja ya kukitaja jina, liliwahi kubandikwa tangazo mlangoni. Lilikuwa la mistari minne tu, kwa lugha ya Kifaransa, na chini yake saini na mhuri. Liliwaita vibarua wote wa msimu waje kuandikishwa upya siku ya Jumatatu, na wakati ulioandikwa ulikuwa "8 h".

Kibarua mmoja anayejua tarakimu aliwasomea wenzake: Jumatatu, saa nane. Habari ikatoka mlangoni ikafika kwenye banda la akina mama wanaochambua buni, na kutoka hapo ikapanda vilimani hadi majumbani. Siku ilipofika, karani alikuja asubuhi, akaandika majina ya waliokuwapo, akafunga daftari kabla ya jua kufika utosini. Akina mama walifika saa saba na nusu mchana, wengine na watoto mgongoni, wakijisifu kwamba wamewahi. Waliambiwa nafasi zimekwisha.

Nani alikosa? Karani alisema tangazo lilikaa mlangoni siku nne na kila mtu aliliona. Kibarua alisema alisoma kilichoandikwa. Wote wawili walisema kweli. Mfaransa huhesabu saa tangu usiku wa manane, kwa hiyo "8 h" kwake ni saa mbili asubuhi. Sisi tunaosema Kiswahili, pamoja na ndugu zetu wanaosema Kirundi, tunahesabu tangu jua linapochomoza. Tarakimu ni moja, tofauti ni saa sita, na akina mama wale wakapoteza mshahara wa msimu mzima.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba kupashana habari ni jambo jepesi, kama kuvuta pumzi. Mtu ana kinywa, mwenzake ana masikio, basi kazi imekwisha. La hasha. Kazini tunaumizwa na mashine, tunapunjwa mizani, tunakosa haki zetu na hata tunagombana sisi kwa sisi, na ukichunguza vema utakuta mara nyingi mwanzo wake ni neno ambalo halikusemwa, au lilisemwa lisifike, au lilifika likiwa limegeuka. Ndiyo maana tumeona ni vema safari hii tujifunze kanuni za kuelewana, kama tunavyojifunza kanuni za usalama wa mashine.

MASWALI MATANO

Mwaka 1948 mtaalamu wa siasa wa Marekani, Harold Lasswell, aliandika kwamba anayetaka kuchunguza habari yoyote ajiulize maswali matano: Nani anasema? Anasema nini? Kwa njia gani? Anamwambia nani? Na kunatokea nini? Mwaka huo huo Claude Shannon, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, alieleza jinsi ujumbe unavyosafiri kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Yeye aliongeza jambo moja ambalo mfanyakazi yeyote wa kiwandani atalielewa upesi, nalo ni kelele. Njiani, alisema, kuna kelele zinazouchafua ujumbe, na anayetaka ujumbe wake ufike hana budi kuzifikiria kelele hizo kabla hajatuma.

Shannon alifikiria kelele za nyaya za simu. Sisi tunazo zetu. Kuna kelele ya mashine, inayomfanya mtu asikie "washa" alipoambiwa "acha". Kuna kelele ya lugha, kama tulivyoona katika tangazo la Gitega. Na kuna kelele ya tatu ambayo haisikiki kwa masikio, nayo ni hofu. Mtu mwenye hofu husikia nusu ya neno, na husema robo yake.

Tulitazame tena tangazo lile kwa maswali matano. Aliyesema ni uongozi. Alichosema ni wito wa kuandikishwa. Njia ilikuwa karatasi. Walioambiwa ni vibarua ambao wengi wao hawakusoma Kifaransa. Kilichotokea ni kwamba akina mama walikosa kazi. Karani alijibu maswali matatu ya mwanzo akadhani amemaliza. Swali la nne na la tano hakuyauliza. Hakujiuliza anamwambia nani, wala hakufuatilia kuona kama neno limefika. Basi kanuni ya kwanza ndiyo hii: mwenye ujumbe ndiye mwenye mzigo wa kuufikisha. Kubandika karatasi si kupasha habari, kama vile kutupa mbegu barabarani si kulima.

NENO MOJA, SIKU MBILI

Burundi ina Kirundi kama lugha ya wote, nacho Kifaransa kimekuwa lugha ya ofisi tangu enzi ya Wabelgiji. Kiswahili nacho si mgeni. Wajerumani walipoijenga Gitega kuwa makao ya utawala wao mwaka 1912, Kiswahili kilikuja pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara, na hadi leo kinasikika sokoni na gereji. Muyinga ni zaidi, kwa kuwa iko karibu na mpaka wa Tanzania. Malori yanapita Kobero kwenda Kabanga na Ngara, na dereva, mpagazi na mama muuza ndizi wote wanajadiliana bei kwa Kiswahili. Tena wako maelfu ya ndugu waliokimbilia Tanzania kwa nyakati mbalimbali, wakarudi na watoto waliosoma shule za huko. Watoto wale leo ni watu wazima, wako mashambani na viwandani pamoja nasi.

Kwa hiyo katika kikosi kimoja cha kazi unaweza kukuta watu wa lugha tatu. Huo ni utajiri, lakini una mitego yake. Chukua neno dogo la Kirundi, "ejo". Neno hilo maana yake ni jana, na maana yake pia ni kesho. Mrundi hapotei, kwa sababu kitendo kinachofuata humwonyesha kama jambo limepita au linakuja. Lakini mgeni anayeokota neno moja moja atapotea. Akiuliza habari ya mshahara na akasikia "ejo", hajui kama fedha zimeshatolewa au zitatolewa. Tumeona watu wakikaribia kushikana mashati kwa ajili ya neno hilo, mmoja akidhani amefichwa mshahara uliokwisha kutoka, mwenzake akishangaa anachotukaniwa.

Dawa yake si kulazimisha lugha moja. Dawa ni kurudia. Anayepokea agizo alirudie kwa maneno yake mwenyewe: "Yaani unasema nizime mashine ya pili, nisiiguse ya kwanza?" Na anayetoa agizo asione amedharauliwa, bali ashukuru. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Sisi tunaongeza kwamba kazini kuuliza ni kinga, kama kofia ngumu na viatu vya kazi.

NANI ASEME KWANZA?

Sasa tuingie katika jambo zito zaidi. Kati ya mwaka 1955 na 1957 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, mama Ethel Albert, aliishi Burundi akichunguza jinsi watu wanavyozungumza. Alichoandika kilichapishwa mwaka 1964, na mpaka leo wanaosomea elimu ya mazungumzo duniani wanakisoma. Alieleza kwamba katika baraza la Warundi wa wakati ule, zamu ya kusema ilifuata ukubwa. Mkubwa husema kwanza. Anayemfuata kwa cheo au kwa umri huanza kwa kukubali, akisema kwamba mkubwa amesema sawa na anajua zaidi, kisha polepole, kwa adabu, huingiza maoni yake mwenyewe, hata kama ni kinyume. Mdogo kabisa husema mwisho, akiwa na bahati ya kusema. Tena mnyonge akisimama mbele ya bwana, hata akiwa fundi wa maneno, hutakiwa kubabaika na kusitasita, asije akaonekana anajilinganisha.

Mama Albert aliona jambo jingine la kufikirisha. Wavulana wa nyumba kubwa walifundishwa kuhutubu. Wasichana walifundishwa kukaa kimya na kusikiliza kwa makini, hata waweze kurudia baadaye karibu neno kwa neno yale yaliyosemwa na wageni. Basi mkutanoni aliyeonekana hasemi kitu ndiye aliyekuwa daftari la nyumba.

Hatusemi mila hiyo ni mbaya. Heshima ni nguzo. Kukubali kwanza na kupinga baadaye kumeokoa mabaraza mengi yasigeuke kuwa ugomvi, na baadhi ya vijana wetu wanaosimama na kufoka wangefaa kuisoma. Lakini tuulize: ikiwa mdogo ndiye aliyeona hatari, itakuwaje?

Jibu tutalitafuta mbali kidogo. Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha ndege cha kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa za abiria, moja ya kampuni ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana ardhini katika ukungu. Walikufa watu 583. Mpaka leo haijatokea ajali ya kugongana ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Rubani mkuu wa KLM alikuwa miongoni mwa wakubwa wa kampuni yake, mwalimu wa marubani wengine. Msaidizi wake alitamka kwenye redio maneno ambayo mnara wa kuongozea ndege uliyaelewa kwamba ndege ipo tayari inangoja, kumbe ilikwisha kuanza kukimbia. Mnara ukajibu kwamba ingoje, na wakati ule ule Pan Am ikasema bado ipo njiani. Sauti mbili zikagongana hewani, zikawa mluzi. Hapo fundi wa ndege ya KLM, aliyekaa nyuma ya marubani, akauliza kama ile ndege nyingine haijatoka njiani. Mkubwa akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi hakusema tena. Sekunde chache baadaye ndege zikagongana.

Hapo zipo kelele zote tatu tulizozitaja. Kelele ya redio ilikuwapo, ya lugha ilikuwapo, na ya cheo ilikuwapo. Baada ya ajali hiyo mashirika ya ndege yalibadili mambo. Neno la kuruhusu ndege kuruka halitumiwi ovyo tena. Agizo hurudiwa na anayelipokea. Na marubani wakubwa wakaanza kufundishwa kusikiliza, na wadogo kufundishwa kusema kwa sauti hata mara ya pili na ya tatu. Ikiwa rubani wa ndege kubwa amekubali kufundishwa kumsikiliza fundi wake, mnyapara wetu, au kapita kama wengi wanavyomwita, ana udhuru gani?

Tunamfahamu kijana mmoja, mfagiaji katika kiwanda ambacho pia hatutakitaja. Kwa siku mbili alisikia mkanda wa mashine ukipiga mlio usio wa kawaida. Alijua, kwa sababu yeye ndiye anayefagia chini yake na siku zote ameuzoea mlio wake. Hakusema. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu: "Ningeanzia wapi? Fundi yupo, kapita yupo, mimi ni mtu wa ufagio." Siku ya tatu mkanda ulikatika ukamchapa fundi mkononi. Fundi alipona, lakini vidole viwili havikunji tena. Mpaka leo kijana yule hawezi kumtazama usoni.

Wa kulaumiwa si kijana peke yake. Mahali pa kazi ambapo mfagiaji hana pa kuanzia kusema, uongozi umejiziba masikio wenyewe. Katika mahakama za kijeshi za Uingereza kuna desturi ya zamani kwamba afisa wa cheo cha chini hutoa kauli yake kwanza, ili asije akaogopa kutofautiana na wakubwa wake. Tunapendekeza matawi yetu yaige. Mkutano wa usalama uanze na mdogo. Mwenyekiti aseme mwisho. Heshima haitapungua, maana mkubwa anayesema mwisho amewasikia wote, na neno lake litakuwa zito zaidi.

NENO LINALOKAA TUMBONI

Warundi wana msemo kwamba neno linalokupenda hukaa tumboni mwako. Maana yake ni kwamba ukilinyamazia neno litakulinda, na ukilitoa linaweza kukuangamiza. Hatuthubutu kumcheka mtu aliyelelewa na msemo huo. Nchi imepita katika miaka ya machozi, 1972 na 1993 na mingine, ambapo neno moja lililofika kwenye sikio baya lilitosha kumwondoa mtu duniani. Aliyenusurika kwa kunyamaza hawezi kuambiwa kwa urahisi, "Sema tu, ndugu."

Lakini kunyamaza nako ni kusema. Mwaka 1967 Paul Watzlawick na wenzake wawili, walipoandika juu ya mazungumzo ya watu, waliweka kanuni kwamba mtu hawezi kukaa na wenzake asiwape habari yoyote. Ukinuna umesema, ukigeuza uso umesema, ukitazama chini umesema. Tatizo ni kwamba kimya hakina kamusi. Mfanyakazi anatazama chini kwa heshima, bwana mgeni anadhani anaficha wizi. Wafanyakazi wananyamaza mkutanoni kwa hofu, mwenyekiti anaandika kwamba wote wamekubali. Kisha wakitoka nje, chini ya mwembe, ndipo mkutano wa kweli unapoanza.

Na mahali ambapo neno la kweli limefungiwa, uvumi huingia. Watu husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siku hizi uvumi haupandi mlima kwa miguu, unaruka kwa simu, na kabla ya chai ya asubuhi tarafa nzima imesikia kwamba kiwanda kinafungwa. Haufai kupigwa marufuku, maana ukipigwa marufuku unanenepa. Hupunguzwa na habari za kweli zinazotolewa mapema, kwa mdomo wa mtu anayejulikana, na kwa nafasi ya kuuliza maswali.

SHULE TULIYO NAYO

Hatuna haja ya kwenda ng'ambo kujifunza kusikiliza. Burundi ilikuwa na shule yake, nayo ni baraza la bashingantahe. Hawa ni watu wazima wanaoaminiwa kwa ukweli na busara, waliokula kiapo mbele ya watu. Jina lao linatokana na intahe, fimbo inayogongwa chini wakati wa kutoa hukumu. Katika baraza lao mlalamikaji husema mpaka amalize. Mlalamikiwa husema mpaka amalize. Mashahidi huitwa. Kisha wazee hujitenga, wakashauriana, ndipo warudi na neno moja. Utaratibu huo ulidhoofika kwa miaka mingi, na mapatano ya amani ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalitaka urudishiwe heshima yake.

Tazameni hekima iliyomo. Mtu hakatizwi. Hukumu haitolewi kabla ya pande mbili kusikilizwa. Anayesikiliza hujipa nafasi ya kufikiri kabla hajajibu. Ni mikutano mingapi ya matawi yetu inayofuata hata moja ya kanuni hizo tatu? Mara nyingi mjumbe hajamaliza sentensi, tayari mikono kumi ipo juu na sauti tano zinamjibu.

Zipo kasoro pia, na ni haki tuziseme. Katika baraza la zamani mwanamke alisimama upande mmoja na mumewe katika kiapo, lakini kauli ya barazani mara nyingi ilibaki ya mume. Leo banda la kuchambua kahawa limejaa akina mama. Tukiendesha mikutano kwa kauli za wanaume tu, tumeacha daftari zima nyumbani.

MIZANI YA MUYINGA

Hilo tulilithibitisha Muyinga. Katika kituo kimoja cha kuoshea kahawa nje ya mji, watu walilalamika misimu miwili kwamba mizani inawapunja. Kila mara walisema kwa hasira: "Mnatuiba!" Na kila mara msimamizi alijibu kwa hasira: "Mnanitukana!" Kelele mbili zilikutana, hakuna neno lililofika.

Kisha mama mmoja, ambaye mkutanoni hakuwahi kusikika, alifanya jambo dogo. Alinunua dukani mfuko wa chumvi wa kilo 25 uliofungwa kwa mshono wa kiwandani. Akaupandisha kwenye mizani ile mbele ya watu wote na msimamizi akiwapo. Sindano ikasimama kwenye 23. Mama hakusema mtu ni mwizi. Alisema: "Chumvi hii ina kilo 25. Mizani inasema 23. Naomba mizani itazamwe." Msimamizi hakuwa na la kujibu, maana hakutukanwa. Ndani ya wiki moja mizani ilibadilishwa.

Mwanafalsafa wa Kiingereza, Paul Grice, katika mihadhara aliyotoa mwaka 1967, alisema kwamba watu wanaozungumza kwa nia ya kuelewana hufuata mambo manne. Husema kiasi kinachotosha, bila kupunguza wala kuzidisha. Husema lile wanaloliamini na wanaloweza kulithibitisha. Husema linalohusu jambo lililopo. Na husema kwa uwazi na kwa mpangilio. Mama wa Muyinga hakumsoma Grice. Lakini hesabuni maneno yake, mtaona yote manne yamo.

Tulichukue somo hilo katika madai makubwa. Mwaka 1988 kima cha chini cha mshahara wa mtu asiye na ujuzi kiliwekwa kuwa faranga 160 kwa siku mijini Bujumbura na Gitega, na faranga 105 mahali pengine, Muyinga ikiwamo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye kiwango hicho kilikuwa bado hakijabadilishwa. Mjumbe anayesimama mbele ya mwajiri na kusema "Maisha ni magumu" amesema kweli, lakini hakusema kitu, kwa sababu mwajiri naye atajibu kwamba maisha ni magumu kwake pia. Mjumbe anayeweka mezani mwaka 1988, faranga 160, faranga 105, na karatasi yenye bei ya kilo ya maharagwe wiki hii sokoni, huyo ameweka mfuko wa chumvi kwenye mizani.

LUGHA YA WAKUBWA

Kwa upande wa viongozi wa kazi tuna neno moja. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha halmashauri za wafanyakazi viwandani kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa chama cha TANU ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa Dar es Salaam waliusoma vizuri kuliko mabwana walivyotarajia. Katika migomo mingi iliyofuata hadi mwaka 1973, malalamiko hayakuwa ya mshahara peke yake. Yalikuwa pia juu ya lugha, kwa maana ya matusi, kufokewa, na kuitwa kama watoto. Meneja anayedhani adabu ni jambo la watu wa chini tu akumbuke miaka hiyo.

Burundi nayo imeridhia mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1993, unaolinda haki ya kuungana, na namba 98 mwaka 1997, unaolinda haki ya kujadiliana kwa pamoja. Kujadiliana maana yake ni pande mbili kusema na pande mbili kusikia. Mkutano ambao upande mmoja unasoma na mwingine unapiga makofi si majadiliano.

TUFANYE NINI?

Ndugu wafanyakazi, tusimalize kwa maneno matupu. Kila tawi linaweza kuanza na haya bila kungoja fedha wala ruhusa.

Tangazo lolote liandikwe kwanza kwa lugha inayosomwa na waliokusudiwa, na saa iandikwe kwa maneno: "saa mbili asubuhi". Tangazo lisomwe kwa sauti wakati wa kuingia kazini na wakati wa kutoka, kwa kuwa asiyejua kusoma naye ana haki ya kujua. Agizo la kazi ya hatari lirudiwe na anayelipokea. Mkutano wa usalama uanze na mdogo, na mwenyekiti aseme mwisho. Malalamiko yaje na tarehe, kiasi na shahidi. Mtu asikatizwe. Na kila baada ya mkutano, mjumbe amchukue mtu mmoja aliyekaa kimya, amwulize kando: "Wewe umesikia nini?" Jibu lake litamfundisha mengi.

Wako watakaosema haya ni mambo madogo. Tuwaulize akina mama wa Gitega waliopoteza msimu kwa sababu ya tarakimu moja. Tumwulize fundi mwenye vidole visivyokunja. Tumwulize na kijana wa ufagio, ambaye sasa, tumeambiwa, akisikia mlio wowote asioujua huacha kufagia, humfuata fundi yule yule na kumwambia. Mara nyingine huwa si kitu. Fundi huja kila mara, hutazama, humshukuru, kisha hurudi kazini.

Umoja ni nguvu, tunasema kila siku. Lakini watu elfu moja wasioelewana ni msongamano tu. Umoja huanza pale mmoja anaposema, wa pili anapomsikia, na wa kwanza anapohakikisha kwamba amesikiwa.